Abebe Bikila: Kutoka miguu mitupu ya Roma hadi theluji ya Norway

WAHENGA walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumwonya mtu anayemcheka mlemavu, kwamba naye bado yu safarini na hajui litakalompata kabla ya kuifika kaburi. Katika historia ya michezo ya Afrika Mashariki, ni maisha machache yaliyoifasiri methali hiyo kwa ukamilifu kama maisha ya marehemu Abebe Bikila wa Ethiopia.

Wapenzi wa riadha humkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni ushindi wake wa mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, alipokimbia bila viatu. La pili ni ushindi wake wa Tokyo mwaka 1964, uliomfanya kuwa mwanadamu wa kwanza kutetea taji hilo kwa mafanikio.

Lipo jambo la tatu ambalo husimuliwa kwa nadra. Mnamo Aprili 1971, akiwa amepooza kuanzia kiunoni kwenda chini, Abebe alisafiri hadi Norway kuhudhuria michezo ya walemavu. Huko alilenga shabaha kwa upinde na mishale, akacheza tenisi ya meza, kisha akashiriki mbio za sleji, kile chombo kisicho na magurudumu ambacho huteleza juu ya theluji. Katika mbio hizo alilishinda kundi la washindani 16.

Kwa msomaji wa Gazi, Msambweni au Diani, ambaye baridi aijuayo ni ile iletwayo na upepo wa kusi, theluji ni kitu cha kwenye picha. Hata kwa Abebe mwenyewe, aliyezaliwa katika nyanda za juu zenye ubaridi, haikuwa uwanja aliouzoea. Ili kuelewa namna bingwa wa barabara za lami alivyofika huko, na kwa nini alikubali kushindana tena ilhali hakuwa na deni kwa mtu yeyote, ni sharti kuanza na miguu iliyompatia jina.

Utoto wa vita na magongo

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, kaskazini mwa Addis Ababa. Siku hiyohiyo, mbali huko Los Angeles, Marekani, ndipo zilipokimbiwa mbio za marathoni za Olimpiki ya mwaka huo. Sadfa hiyo isingekumbukwa na mtu lau mtoto yule hangekua akawa alivyokuwa.

Hakuwa ametimiza umri wa miaka minne majeshi ya Italia, chini ya Benito Mussolini, yalipoivamia nchi yake mnamo Oktoba 1935 na kuuteka mji wa Addis Ababa mwaka uliofuata. Familia yake ililazimika kuyahama makao na kukimbilia eneo la mbali, ikarejea baadaye na kuendelea na kilimo.

Kama watoto wengi wa vijiji vya huko, Abebe alikulia katika mashamba na mifugo, akicheza gena, mchezo wa kale wa magongo ambao magoli yake huweza kutenganishwa na umbali wa kilomita kadhaa. Mchezaji wa gena hana budi kukimbia mchana kutwa, akipanda na kushuka vilima.

Mapema katika miaka ya 1950 aliingia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Katikati ya muongo huo alikuwa na desturi ya kukimbia kilomita 20 kutoka vilima vya Sululta hadi mjini, kisha kurejea alikotoka. Mazoea hayo hayakumpita Onni Niskanen, kocha kutoka Uswidi aliyeajiriwa na serikali ya Ethiopia kuwafunza askari wa kikosi hicho. Niskanen alimchukua chini ya uangalizi wake na kumwandaa kwa mbio za marathoni.

Urefu wa mbio hizo ni kilomita 42.195. Kwa wakazi wa Kwale, huo ni umbali unaopungua kidogo tu safari ya kutoka Gazi hadi kivuko cha Likoni, safari ambayo abiria wa matatu huiona ndefu hata akiwa ameketi.

Katika mbio zake za kwanza za marathoni, jijini Addis Ababa, Abebe alimaliza wa pili. Mwaka 1960, katika mchujo wa kuteua timu ya Olimpiki, alitumia saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya Emil Zátopek, gwiji wa Chekoslovakia, na ulipatikana katika mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Nje ya Ethiopia, ni wachache waliouamini.

Usiku wa Roma

Mbio za Roma zilifanyika tarehe 10 Septemba 1960. Wenyeji waliamua zianze jioni ili kuliepuka joto, na kwa mara ya kwanza katika Olimpiki marathoni haikuanzia wala kumalizikia uwanjani. Wakimbiaji walianzia kwenye kilima cha Campidoglio, wakatarajiwa kumalizia chini ya Tao la Constantine.

Abebe alikuwa amenunua viatu vipya mjini humo, lakini vikambana na kumtoa malengelenge. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, aliamua kushindana vivyo hivyo. Watazamaji waliomwona akijiunga na wenzake mstarini, mwembamba na asiye na kitu miguuni, hawakumhesabu miongoni mwa watu wa kuchungwa.

Niskanen alikuwa amemtahadharisha kuhusu Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, ambaye alitazamiwa kuvaa nambari 26. Hata hivyo, Rhadi alijitokeza akiwa na nambari 185. Basi Abebe akawa anapita mkimbiaji baada ya mwingine akiitafuta nambari 26 iliyo mbele, asijue kwamba mtu amtafutaye alikuwa akikimbia naye bega kwa bega.

Giza lilipoingia, sehemu ya mwisho ya njia, ile barabara ya kale ya Appia, iliangazwa na askari waliosimama kandokando wakiwa wameshika mienge. Wawili hao walikuwa wamewaacha wengine mbali. Kuelekea mwisho, mahali Abebe alipotokea kuongeza kasi, palisimama nguzo ya mawe ya Axum, yenye urefu upatao mita 24, ambayo majeshi ya Italia yaliipora kutoka Ethiopia mwaka 1937 na kuisimamisha Roma kama nembo ya ushindi wao.

Askari wa Uhabeshi akaipita nguzo ya nchi yake katika mji wa waliomvamia, akamwacha Rhadi kwa sekunde 25 na kukata utepe kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia, ikiipiku ile ya Sergei Popov wa Muungano wa Kisovieti kwa chini ya sekunde moja. Kadhalika, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Siku nane baada ya usiku huo, katika mji huohuo wa Roma, kulifunguliwa mashindano mengine yaliyopewa nafasi ndogo mno magazetini. Wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa ni watu wa viti vya magurudumu, walikusanyika kwa michezo ambayo leo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Waliokuwa wakimshangilia bingwa mpya wa dunia hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba mashindano ya namna hiyo yangemhusu siku moja.

Misukosuko na Tokyo

Nyumbani, Mfalme alimvisha nishani na kumpandisha cheo. Lakini fahari ya Roma haikuwa imetulia ilipofika Desemba 1960, wakati makamanda wa kikosi chake chenyewe walipojaribu kuipindua serikali Haile Selassie akiwa ziarani Brazil. Jaribio hilo lilizimwa, na kiongozi wake, Mengistu Neway, akanyongwa mwaka uliofuata. Abebe hakuwa miongoni mwa waliopanga njama hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa askari wa kikosi kilichoasi, alikamatwa kwa muda na kuhojiwa kabla ya kuachiliwa.

Mwaka 1961 alishinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akashika nafasi ya tano. Baada ya ile ya kwanza ya Addis Ababa, hiyo ndiyo marathoni pekee ambayo Abebe aliimaliza bila ya kuishinda.

Wiki zipatazo tano kabla ya marathoni ya Tokyo, Abebe alianguka akiwa mazoezini. Madaktari waligundua kwamba alikuwa na maradhi ya kidole tumbo, wakampasua bila kuchelewa. Kwa kawaida mgonjwa wa upasuaji huo huambiwa apumzike, lakini Abebe alianza kutembea, kisha kukimbia pole pole, mshono ukiwa bado mbichi.

Tarehe 21 Oktoba 1964 alisimama mstarini Tokyo pamoja na wakimbiaji wengine zaidi ya 60, safari hii akiwa amevaa viatu na soksi nyeupe. Kufikia katikati ya mbio hakuwa na mpinzani wa kweli. Aliingia uwanjani peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, ikiwa ni rekodi nyingine ya dunia. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alifika zaidi ya dakika nne baadaye.

Watazamaji waliotarajia kumwona akianguka kwa uchovu walimwona akishuka kwenye nyasi na kuanza kunyoosha viungo, mfano wa mtu anayejiandaa kuanza mbio badala ya aliyezimaliza.

Miongoni mwa zawadi alizopewa na Mfalme kwa ushindi huo lilikuwamo gari dogo jeupe aina ya Volkswagen.

Ajali

Mwili wa mkimbiaji haudumu. Julai 1967, akishindana nchini Hispania, Abebe aliumia mguu na kushindwa kumaliza. Mwaka 1968 alikwenda Mexico akiwa amepewa nambari 1, huku goti la kulia likimsumbua. Alijitoa baada ya kilomita zipatazo 17, na mwenzake Mamo Wolde akaibeba dhamana ya nchi na kuleta dhahabu. Ethiopia ikawa imetwaa marathoni tatu za Olimpiki mfululizo. Abebe alirudi nyumbani na cheo cha kapteni. Alikuwa amekimbia marathoni 16 na kushinda 12. Hakukimbia nyingine.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa akiendesha Volkswagen yake gari lilipomshinda na kupinduka. Alinaswa ndani hadi asubuhi, alipopatikana na kukimbizwa hospitalini. Alikuwa amevunjika shingo na uti wa mgongo ulikuwa umeumia.

Alikuwa na umri wa miaka 36. Wiki moja baadaye alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akiwa hawezi hata kugeuza kichwa. Alikaa huko miezi minane, na miongoni mwa waliomtembelea alikuwamo Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa matibabu na mazoezi, mikono yake ilirejewa na nguvu. Miguu haikurejewa.

Haikuwa bahati mbaya kwamba alipelekwa hospitali hiyo na si nyingine. Ndiko alikofanya kazi Dkt Ludwig Guttmann, daktari aliyeukimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani na kuanzisha kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944. Zama hizo, aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa kitandani kungojea kifo, na wengi walikufa kwa vidonda na maambukizi kabla ya miaka kupita. Guttmann aliikataa desturi hiyo. Alishikilia kwamba mgonjwa akae, asogee na ashindane, kwani michezo huirudishia mikono nguvu na moyo hamu ya kuishi.

Mwaka 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann aliandaa katika uwanja wa hospitali shindano la mishale kati ya askari 16 walioumia, wake kwa waume. Kutokana na shindano hilo ndipo yalipochipuka mashindano ya Roma ya 1960 na Paralimpiki zote zilizofuata.

Mishale na theluji

Abebe angeweza kubaki kuwa sanamu hai, akibebwa kutoka hafla moja hadi nyingine na kupigiwa makofi kwa mambo ya kale. Nchi nzima ilimstahi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, mwaka 1970 alianza kujifunza upinde na mishale. Julai mwaka huo alishiriki katika michezo ya viti vya magurudumu ya Stoke Mandeville, akashindana katika ulengaji shabaha na tenisi ya meza.

Si rahisi kupima uzito wa uamuzi huo. Mshindi wa dhahabu mbili, mtu aliyewahi kuwaacha wenzake kwa dakika nne, alikubali kujipanga mstarini kama mwanafunzi, katika michezo ambayo hakuwa na kipaji cha kuzaliwa nacho na ambayo kushindwa kwake kungeonekana na kila mtu. Mikono iliyokuwa imekufa ganzi mwaka mmoja nyuma ilipaswa kuvuta uzi wa upinde na kutulia bila kutetemeka.

Kisha ukaja mwaliko wa Norway. Aprili 1971 aliitwa huko akiwa mgeni wa heshima katika michezo ya walemavu. Taifa hilo ni chimbuko la michezo ya theluji, na miongoni mwa michezo inayopendwa mno huko ni ule unaounganisha skii na bunduki, ambapo mshindani huteleza kwa kasi porini, kisha husimama na kulenga shabaha moyo ukiwa bado unamdunda. Abebe, kwa namna ya pekee, alizigusa pande zote mbili za mchezo huo. Alilenga shabaha kwa mishale, na aliteleza juu ya theluji kwa sleji.

Katika mbio za sleji alitumia saa 1, dakika 16 na sekunde 17, akawa wa kwanza. Sifa za muda mrefu za marathoni, yaani subira, pumzi na kujua lini pa kuongeza kasi, hazikuwa zimekaa miguuni peke yake. Mgeni wa heshima akaondoka na ushindi.

Ushindi huo hauonekani katika majedwali ya Olimpiki, wala haukuvunja rekodi ya dunia. Ulikuwa wa mwisho wa aina yake katika maisha yake.

Buriani

Mwaka 1972 alialikwa katika Olimpiki ya Munich. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake cha magurudumu wakati wa ufunguzi, umati ulisimama na kumshangilia. Marathoni ilishindwa na Frank Shorter wa Marekani, huku Mamo Wolde akitwaa shaba. Shorter, baada ya kuvishwa medali yake, alimwendea Abebe na kumpa mkono.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba 1973, Abebe Bikila alifariki jijini Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali yake. Alikuwa na umri wa miaka 41, na aliacha mjane, Yewebdar Wolde-Giorgis, na watoto wanne. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo ya kitaifa, na watu wapatao 65,000 walihudhuria maziko ya kijeshi. Haukupita mwaka kabla ya Haile Selassie mwenyewe kung'olewa madarakani, Septemba 1974.

Njia aliyoifungua Abebe haikuota nyasi. Mwaka 1968 Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, akimpiku Mamo Wolde huyohuyo. Mwaka 1992 Derartu Tulu wa Ethiopia alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Samuel Wanjiru aliileta Kenya dhahabu ya marathoni kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na Eliud Kipchoge, kwa ushindi wa Rio mwaka 2016 na wa Sapporo, Japani, mwaka 2021, akawa mtu wa tatu kutetea taji ambalo Abebe alikuwa wa kwanza kulitetea.

Hata theluji haikubaki mali ya wageni. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishindana kwa skii katika Olimpiki ya Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia.

Nguzo ya Axum nayo ilirejeshwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena mahali pake mwaka 2008. Mwaka 2010, katika maadhimisho ya miaka 50 ya usiku ule, Mwethiopia Siraj Gena alishinda Marathoni ya Roma, akavua viatu na kuzikimbia mita 300 za mwisho kwa miguu mitupu kwa heshima ya Abebe.

Hadi leo, katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, anayepooza kwa ajali ya barabarani au kwa kuanguka kutoka mnazini huwekwa ndani, akaletewa chakula na kuombewa dua, na jamaa zake huamini kwamba wamemtendea wema wote anaoustahili. Kaptenii aliyepooza wa Addis Ababa alitaka zaidi ya hayo. Alitaka upinde, mpinzani na saa ya kupimia muda, na alipopewa vitu hivyo alivitumia.